Barua Ndani ya Bakuli

Kazi ya kwanza niliyopewa Louisville, Marekani, ilikuwa kuosha vigae. Nilikuwa nimetoka Kenya wiki mbili tu kabla ya hapo, nimekuja kusomea mambo ya kale. Mwalimu wangu, mwanamke mrefu aliyependa kuzungumza akiwa amesimama mlangoni, alinishusha hadi chumba kilichokuwa chini ya jengo, akawasha taa na kunionyesha masanduku yaliyopangwa hadi darini. Ndani yake mlikuwa na vipande vya vyungu vya Wamisri wa kale. Mtu fulani alivichimba zamani, mwingine akavirithi, na mwisho vikaachiwa chuo kwa sababu hakuna aliyejua la kuvifanyia.

"Hakuna dhahabu humu," mwalimu aliniambia. "Ni vyombo vya jikoni tu."

Nilikaa na vyombo hivyo vya jikoni miaka miwili. Kila kigae nilikipiga mswaki laini, nikakianika juu ya gazeti, nikakipima na kukichora. Taratibu nikaanza kuvijua. Kigae chembamba chenye vitundu visivyoonekana kilitoka kwenye mtungi wa maji, ule uliotoa jasho nje ili maji yapoe ndani. Chenye masizi upande mmoja kilitoka kwenye chungu cha kupikia. Vile vinene, vizito, vyenye alama za makapi yaliyoungua, vilitoka kwenye kalibu za mkate. Wamisri walizipasha moto kalibu hizo, wakamimina kinyunga ndani, na mkate ulipoiva mara nyingi walizivunja ili kuutoa. Zilivunjwa nyingi mno. Masanduku yangu mengi yalikuwa ya hizo.

Kulikuwa pia na vipande vichache vyenye maandishi ya wino. Watu wale hawakutupa kigae kizuri. Mtu akitaka kuandika orodha ya nguo alizopeleka kwa dobi, au kumkumbusha jirani ampelekee mboga, aliokota kipande cha mtungi uliovunjika akaandika hapo. Nilivipenda hivyo kuliko vyote. Usiniulize ni mara ngapi niliviambia habari za asubuhi. Zilikuwepo siku ambazo maneno hayo ndiyo pekee niliyoyatamka kwa Kiswahili tangu nilipoamka.

Jumapili nilienda kwenye ibada ya Wakenya. Baada ya ibada tulikunywa chai na chapati katika ukumbi wa kanisa, na huko kila mtu aliniuliza jambo moja.

"Kwani wewe unasomea nini?"

"Vyungu. Vya Misri ya kale."

"Vyungu!" Mhasibu mmoja alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Si ungebaki tu kwa nyanya yako akufunze bure!"

Wote walicheka, nami nikacheka. Walikuwa watu wema, walinipa lifti na chapati za kubeba. Lakini walikuwa na watoto wa kuwahisha mazoezini na zamu za hospitali, na saa nane mchana ukumbi ulikuwa mtupu. Nilirudi chumbani kwangu, karibu na reli, nikasikiliza magari-moshi ya mizigo yakipita moja baada ya jingine. Yale magari yalikuwa marefu kiasi kwamba nilikunja nguo zangu zote kabla ya behewa la mwisho kupita.

Nilipomaliza shahada hiyo nilipata nafasi ya kuendelea Columbus, jimbo la Ohio. Mwalimu wangu mpya alitaka jaribio: nitengeneze kalibu za mkate kama zile za Misri, nioke mkate, nione kama kweli ilikuwa lazima kuzivunja. Sikuwahi kufinyanga kitu maishani mwangu. Kwetu magharibi mwa Kenya hiyo ni kazi ya wanawake, na mwanamume aliyesogelea udongo alifukuzwa kwa kelele.

Nilipanga nyumba Reynoldsburg, kitongoji cha Columbus, ghorofa ya pili, kwa sababu ilikuwa na kibaraza. Nilileta udongo kwa ndoo, nikauchanganya na majani makavu niliyoyakatakata kwa mkasi, nikatengeneza kalibu sita nene zenye umbo la kengele, nikazianika juani. Siku ya tatu zote zilikuwa na nyufa. Nikatengeneza nyingine. Zikapasuka pia. Nilikuwa nimeinama juu ya kundi la tatu niliposikia sauti ya mwanamke kutoka chini.

"Ile itapasuka tena!"

Nilichungulia. Mama mmoja mtu mzima, amefunga kitenge kifuani juu ya sweta, alikuwa amesimama kwenye nyasi akinitazama, mkono juu ya macho.

"Shikamoo, mama," nilisema. "Unajuaje?"

"Minaona kila siku. Unaweka kwa jua sawa nguo. Udongo haiko nguo. Shuka na ile ndoo."

Nilishuka na ile ndoo. Alichukua donge, akalisugua kati ya vidole viwili, akalinusa, akalirudisha kama mtu anayerudisha nyama iliyochacha dukani.

"Bon. Nani alikufundishaka?"

"Hakuna, mama. Nilisoma kwenye kitabu."

"Ah, pole," alisema, kwa huruma ya kweli.

Ndivyo nilivyompata. Alikuwa Mkongomani kutoka kandokando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, na Kiswahili chake cha kwao kilichanganyika na Kifaransa. Alikuwa mfinyanzi, na mama yake alikuwa mfinyanzi. Vita viliwafukuza, wakaishi kambini miaka mingi, kisha wakaletwa Ohio yeye na binti yake aliyekuwa bado mdogo. Sasa binti alifanya kazi kwenye ghala la mizigo, akiondoka kabla ya mapambazuko na kurudi jioni akiwa hana nguvu ya kuzungumza. Mama alishinda peke yake na runinga ambayo hakuielewa. Alikuwa amenitazama kwa wiki tatu nikiharibu udongo, na nadhani alivumilia hadi akashindwa.

Kuanzia siku ile nilishuka kila alasiri nilipotoka chuoni. Alinituma nikatafute mchanga mwembamba na mavi makavu ya farasi ya kuchanganya na udongo, kwa kuwa ya ng'ombe hatukuyapata karibu. Alinionyesha jinsi ya kuupiga udongo hadi hewa yote itoke, na jinsi ya kuufunika kwa mfuko wa plastiki ukauke polepole kivulini. Nilipomwambia kwamba katika michoro ya Misri wafinyanzi wengi ni wanaume, aliacha kazi akanikodolea macho.

"Banaume? Na banawake balikuwa banafanya nini?"

"Walisaga ngano, mama. Walioka mkate."

"Donc banaume balichezaka na udongo, banawake balifanyaka kazi." Akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Kalibu zilizokauka tulizipeleka kwenye shamba la muumini mmoja wa kanisa lao, nje ya mji, maana kwenye majengo yetu mtu hawezi kuwasha moto. Tulizifunika kwa kuni na nyasi kavu, tukazichoma mchana kutwa. Moja tu ilipasuka. Wiki iliyofuata tulirudi kuoka. Nilimimina kinyunga kwenye kalibu zilizokuwa zikiwaka kwa joto, nikazifunika, tukangoja. Mikate miwili ilitoka yenyewe nilipogeuza kalibu. Wa tatu uligoma, ikabidi nipasue kalibu.

Mama alitafuna kipande, akafikiri.

"Banakulaka hii kila siku?"

"Kila siku."

"Maskini."

Nilimwuliza anadhani kwa nini Wamisri walivunja kalibu nyingi hivyo, ikiwa mkate ungeweza kutoka bila kuvunja. Wataalamu walikuwa wameandika kurasa nyingi juu ya jambo hilo. Yeye hakufikiri hata kidogo.

"Kama haivunjike, mwenye kufinyanga atakula nini?"

Niliiandika kwenye daftari langu, na tulipokuwa njiani kurudi nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeihisi tangu nitoke nyumbani. Kwa kuongeza mazungumzo tu, nilimwambia habari nyingine za vyungu. Nikamweleza kwamba baadhi ya Wamisri waliandika barua kwa watu wao waliokufa. Waliandika ndani ya bakuli la udongo, wakatia chakula, wakaliweka kaburini. Marehemu angekula, na akimaliza angeona maneno.

Mama aligeukia dirisha la gari. Nilidhani nimemkwaza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa sana. Tulipofika Reynoldsburg alifungua mlango wa gari, akakaa bila kushuka.

"Na kama hakuna kaburi?" aliuliza.

"Vitabu havisemi, mama."

"Bon," akasema, akashuka.

Siku kumi hivi baadaye aliniita chini. Juu ya meza kulikuwa na bakuli. Sikujua alilifinyanga lini, wala lilichomwa wapi. Nahisi alirudi shambani na mtu mwingine. Lilikuwa jembamba kuliko chochote nilichowahi kukiona akitengeneza, jekundu, limesuguliwa kwa jiwe hadi likang'aa. Kando yake aliweka kalamu ya wino mweusi, ya ncha nyembamba, mpya, bado imo kwenye pakiti.

"Miye sijuagi kuandika," alisema. "Utaniandikia."

"Kwa nani, mama?"

Aliniambia. Kabla ya binti huyu ninayemjua alikuwa na binti mwingine, wa kwanza, aliyekuwa na miaka minne. Alikufa kwa homa njiani walipokuwa wanakimbia. Walimlaza kando ya barabara, wakamfunika kwa kitenge, na wenzake wakamvuta mama waendelee kwa sababu risasi zilikuwa zinasikika nyuma. Hakujua nani alimzika, au kama alizikwa. Binti yake wa pili, yule wa ghalani, hakuwahi kuambiwa.

"Pasta asijue," aliniambia. "Haiko sala. Ni salamu tu."

Nilishika kalamu. Alianza kusema, nami nikaanza kuandika ndani ya ukingo, kwa herufi ndogo, nikizunguka kuelekea chini. Aliposema "mutoto wangu wa kwanza" niliandika "mtoto." Hakujua kusoma, lakini aliangalia mkono wangu na akaniambia nisome nilichoandika. Nilisoma.

"Hapana. Nimesema mutoto."

"Mama, Kiswahili sanifu..."

"Huyu hajuake Kiswahili ya Kenya. Andika vile minasema."

Nilifuta kwa mate na kidole, nikaandika vile alivyosema. Ilikuwa hivi, na naikumbuka yote kwa kuwa haikuwa ndefu:

*Mutoto wangu wa kwanza. Ni mama yako. Niko mbali sana, huku iko baridi. Siku ile sikukuacha. Balinivuta mukono. Kile kitenge nilikufunika, sijapata ingine sawa ile. Uko na mudogo wako, alizaliwa nyuma yako, iko na meno sawa yako. Nakupikiaga, sijui kama unakulaka. Kula sasa. Usinikasirikie.*

Alitaka nisome mara mbili. Kisha akaenda jikoni, akarudi na ugali kidogo na dagaa, akaviweka ndani ya bakuli juu ya maneno. Akalipandisha bakuli juu ya kabati, akaketi. Tukakaa hivyo hadi tukasikia ufunguo wa binti mlangoni, naye mama akasimama kupasha chakula cha jioni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwaka ule ulipoisha walihamia Buffalo, ambako ndugu zao walikuwa wamepata nyumba upande wa East Side. Niliwasaidia kubeba makochi. Mama alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Unipigie, mwanangu," nami nikamwahidi.

Sikumpigia.

Nataka kusema ukweli juu ya hilo. Nilipoandika tasnifu niliweka maarifa yake yote ndani: mavi ya farasi, mfuko wa plastiki, moto wa kuni, na lile swali la mfinyanzi atakula nini. Msimamizi wangu alisema sura hiyo ndiyo bora kuliko zote. Nilipofika mahali pa kumtaja, nilimtaja kwenye tanbihi, kwa maneno manne: "mfinyanzi mmoja mwenye uzoefu." Nilijiambia ni utaratibu. Siku niliyosimama mbele ya walimu kuitetea kazi ile, mmoja alinipongeza kwa ubunifu wa jaribio, na nikasema asante. Tangu siku hiyo kila nilipotaka kumpigia nilisikia aibu, nikaahirisha, na kadiri nilivyoahirisha ndivyo aibu ilivyozidi. Miaka mitatu ikapita.

Hakukuwa na kazi za vyungu. Nilituma maombi hadi nikachoka, kisha nikachukua kazi ya takwimu katika ofisi moja ya bima huko Buffalo, nikapanga nyumba Kenmore. Mtaa wenyewe ni mtulivu. Majirani hupunga mkono wakiwa ndani ya magari yao. Nilifanya kazi siku tatu kwa wiki nikiwa nyumbani, na Jumamosi nilinunua vyakula, nikafua, nikalala. Nyumba ya mama ilikuwa dakika ishirini kutoka kwangu. Niliishi hivyo miezi minane bila kwenda.

Nilikwenda mwezi wa Novemba, siku moja baada ya kukutana na binti yake dukani. Alinitambua yeye kwanza. Hakunilaumu. Alisema tu, "Uje umwone Mama. Lakini hatakujua."

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi lile lile nililolibeba, amefunikwa blanketi hadi mapajani. Alikuwa amekonda. Nilipiga goti, nikampa shikamoo. Akanitazama kwa adabu, kama mgeni anavyotazamwa, akaniuliza kama nimetoka mbali.

"Kenmore, mama."

"Ni mbali," alikubali.

Binti alileta chai. Watoto wawili wa ndugu zao walipita, wakanisalimu kwa Kiingereza, wakapanda juu. Wakati tunakunywa, niliona bakuli juu ya meza ndogo karibu na mlango. Ndani yake mlikuwa na funguo, sarafu za senti na waya wa kuchajia simu. Binti aliona ninapotazama.

"Ile ni ya Mama. Kuna kitu kimeandikwa ndani, kidogo sana na kimefutika, na miye Kiswahili najua ya kusikia, ya kusoma hapana. Nilikuja huku na miaka nane. Nikimuuliza anasema ni mapambo."

Aliumwaga ule mzigo wa funguo mezani, akaniletea bakuli. Wino ulikuwa umechakaa katikati, lakini nilijua maneno. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyeandika, na kwamba mama yake hakutaka ajue. Nikamwambia achague. Alimtazama mama yake.

"Soma," akasema.

Nilisoma polepole, vile vile kama nilivyoambiwa niandike. Nilipofika pale pa mdogo mwenye meno kama ya dada yake, binti aliziba mdomo kwa kiganja. Nilimaliza. Mama, aliyekuwa amesikiliza akiwa ameinamisha kichwa kidogo upande, aliinua macho.

"Huyu mama iko na uchungu," alisema. "Nani alimuandikia?"

"Ni mimi, mama."

"Ulifanya vizuri." Akarudi kwenye chai yake.

Binti alikwenda kupiga magoti mbele ya kochi. "Mama, alikuwa anaitwa nani? Mama. Dada yangu, alikuwa anaitwa nani?" Mama alimpapasa kichwa, akamwambia asilie, kwamba huyo mwanamke wa kwenye barua Mungu atamsaidia. Jina hakulisema. Kwenye barua halimo, kwa sababu siku ile sikumwuliza.

Niliondoka saa kumi. Binti alinisindikiza hadi garini bila koti, akaniambia nirudi Jumamosi ijayo. Nilirudi, na iliyofuata pia. Nilimweleza kuhusu tanbihi. Alinisikiliza, akasema, "Basi mwambie yeye." Nilimwambia mama nikiwa nimekaa kwenye zulia miguuni pake. Nadhani alidhani namhadithia habari za mtu mwingine, na kwa kweli sikupata msamaha wowote. Nilimwandikia pia msimamizi wangu, nikaomba maneno yale manne yabadilishwe, liwekwe jina kamili la mama. Alinijibu kwa upole kwamba tasnifu ikishawekwa maktabani haiguswi.

Mwezi wa Machi mama alianguka bafuni, na madaktari wakashauri apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ni mahali safi, pana joto, na hakuna hata mtu mmoja anayejua Kiswahili. Binti huenda jioni baada ya zamu; mimi huenda Jumamosi. Wiki ya kwanza nilimkuta amekaa akitazama ukuta, hajala. Mhudumu aliniambia kwamba huzungumza kutwa, maneno mengi tu, na wao humtabasamia.

Nilitoa karatasi nikaandika maneno kumi na mawili kwa herufi kubwa, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili: maji, choo, baridi, naumwa, chumvi, funika, na mengine ya namna hiyo. Nikabandika karatasi ukutani juu ya kitanda. Wahudumu walishukuru, na sikuamini sana kama wangeitumia.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema, nikasimama mlangoni kwa kuwa alikuwa na mhudumu kijana, msichana mwenye nywele nyekundu, aliyekuwa akimletea maji yenye barafu. Mama alisukuma glasi.

"Baridi," alisema.

Msichana alisita. Akageuka ukutani, akapitisha kidole kwenye karatasi, akaenda kabatini na kurudi na blanketi la pili. Alilitandaza juu ya miguu yake na kulichomeka pande zote. Mama alimwangalia, kisha akaanza kumweleza, kwa sauti ya chini na bila haraka, jinsi samaki wanavyokaushwa kwao, jinsi wanavyopanuliwa na kugeuzwa mara mbili kwa siku. Msichana hakuelewa hata neno moja. Alivuta kiti, akaketi, akamsikiliza. Mimi nilibaki pale mlangoni na koti langu mkononi.